Barua ya Kufunga Muhula wa Pili

Kwa wazazi na walezi wote,

Assalaam aleikum. Shule imefungwa leo. Tarehe ya kufungua imeandikwa nyuma ya ripoti ya kila mtoto. Gredi ya Sita wamepanda Hisabati na Kiswahili, Sayansi bado.

Ninalojivunia muhula huu ni dele, birika la kahawa. Mliohudhuria maonyesho mmeliona pale uwanjani, dele la mita 3, limeupita mlango wa ofisi yangu kwa urefu, na ubavuni mwake ndara moja kubwa kama mtumbwi. Gredi ya Saba walipima dele la nyumbani kwa rula, sentimita 30, wakazidisha kila kipimo mara 10. Mifupa yake ni vipande vya nondo vilivyobaki kwa mafundi wa ujenzi, vikafungwa kwa waya. Juu wakavisha madebe ya mafuta waliyoyapasua na kuyanyoosha kwa nyundo. Mdomo ulikuwa ukilivuta dele zima kuanguka, mpaka watoto wenyewe wakatambua kuwa mkono wa upande wa pili lazima uongezwe uzito. Hakuna ubao ambao ungewafundisha hivyo. Ndara nayo imeshonwa kwa ndara zilizotupwa na bahari ufuoni Shela. Lamu ndiko lilikoundwa jahazi la Flipflopi kwa plastiki iliyookotwa, likavishwa ndara zipatazo 30,000, likafika Zanzibar mwaka 2019. Watoto wenu wameifuata kazi ile, na wameifanya vizuri mno.

Sasa la kuudhi. Tuliagiza nyavu zilizotupwa. Wanafunzi watatu wakaenda kukata jarife zima, wavu mkubwa wa mvuvi jirani, lililokuwa limeanikwa. Hilo si kuokota, ni wizi. Nilipowaita wazazi, mmoja alinifokea mbele ya walimu kwamba huo ni utoto tu. Jarife lile linalisha nyumba ya watu! Wazazi hao watatu watalilipa kabla ya shule kufunguliwa, na kila mtoto atakwenda kumwomba mvuvi radhi akiwa na baba au mama, si kaka wala shangazi. Asiyefanya hivyo asimlete mtoto darasani kabla ya kuja kwangu.

Pesa za chakula cha mchana: muhula mzima mpishi amekopa mchele na maharagwe, na sasa mwenye duka amekataa. Wapo wazazi wenye uwezo wasiolipa kwa kuwa wanajua hatutamnyima mtoto sahani. Ni kweli hatutamnyima, lakini mnakula jasho la wenzenu. Aliyekwama aje tuzungumze; nimekwisha pokea samaki na kuni badala ya fedha, na nitapokea tena.

Ijumaa baada ya swala madarasa ya juu hubaki nusu. Muhula ujao nitapiga simu nyumba kwa nyumba.

Dele litabaki uwanjani likizo yote. Mnunuzi wa vyuma vikuukuu ameshakuja kuuliza bei, akajibiwa haliuzwi. Mkimwona mtu analigusa usiku, mwamsheni bawabu.

Wenu katika elimu,
Mwalimu Mkuu