Picha za darasani zisiishie kwenye majina ya vitu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na walimu wenzangu wa wanafunzi viziwi hapa Mtwara. Simu yenye kamera siku hizi haikosekani shuleni, na picha tunazibandika ukutani: mkorosho, ndoo, samaki. Matokeo yake mtoto anajua majina tele lakini sentensi moja inamshinda. Kinachomkwamisha ni kitenzi.

"Alininunulia" ni neno moja, ila ndani yake mna aliyenunua, wakati, na aliyenunuliwa kitu. Mtoto anayesikia huyaokota hayo nyumbani bila kufundishwa. Lugha ya Alama ya Tanzania ina sarufi yake, ya mwelekeo wa mkono, nafasi na uso, kwa hiyo kiziwi anayeandika "mama samaki nunua" si mzembe. Msimpigie mstari mwekundu. Andikeni sentensi kamili chini ya yake, azilinganishe.

Picha moja haionyeshi wakati, kwa hiyo zipigwe tatu tatu. Msimu wa salfa, dawa ya unga ya kupulizia mikorosho, unafaa sana: mkulima anabeba mashine mgongoni, vumbi limefunika mti, mashine imetuliwa chini. (Mpiga picha asimame upepo unakotoka, salfa inawasha macho.) Kateni vipande vya karatasi ngumu: "a", "ta", "na", "me", na "pulizia" kwa rangi yake. Mtoto akihama picha, anabadilisha kipande kimoja tu: atapulizia, anapulizia, amepulizia. Baadaye mti mmoja na shamba zima: mkorosho umechanua, mikorosho imechanua. Hapo upatanisho wa sarufi anauona kwa macho.

Kupima ndiko tunakojidanganya. Mtoto kiziwi hunakili maelezo ya picha kwa mwandiko safi bila kuelewa hata neno. Pigeni picha ya Ali akimpa Zuhura daftari, kisha Zuhura akimpa Ali. Changanyeni sentensi mbili zenye maneno yaleyale, aziweke kila moja kwenye picha yake. Akikosea, hajasoma bado, amekariri.

Picha wapige watoto wenyewe. Wendy Ewald, mpiga picha wa Marekani anayejulikana kwa ufundishaji wa namna hii, humkabidhi mtoto kamera, kwa sababu aliyechagua cha kupiga anacho cha kusema. Watatu kwa simu moja wanatosha. Aeleze picha yake kwa alama kwanza, kalamu ifuate. Akienda soko la Feri kupiga picha za wauza samaki, abebe kadi: "Mimi ni kiziwi. Naomba kukupiga picha kwa kazi ya shule." Akikataliwa, aondoke.

Wapige picha asubuhi, jua likiwa mgongoni mwao. Saa sita kivuli huziba macho na mdomo, na katika lugha ya alama uso ndio unaotofautisha swali na taarifa. Alama yenye mwendo haikai kwenye picha moja, irekodiwe video. Lenzi ifutwe, maana mikono ya watoto ina maji ya mabibo.

Kwa wafadhili: simu tunazo. Fotokopi nyeusi na nyeupe hugeuza nyuso zetu kuwa madoa, kwani haishiki rangi za katikati. Tunachohitaji ni printa ya rangi, na wino wa mwaka mzima. Ule unaokuja na printa huisha mapema, mashine ikabaki ya kufunikwa kitambaa.

Mwalimu wa elimu maalumu,
Mtwara