Mafunzo ya mifumo ya afya yatoke hotelini yaingie wadini

Mhariri,

Mradi wa kuhamishia rekodi za wagonjwa kwenye tarakilishi unapotangazwa Nairobi, umma huhesabiwa vishikwambi, seva na nyaya za intaneti. Kisichohesabiwa ni saa za mazoezi alizopewa muuguzi wa zamu ya usiku, ambaye ndiye atakayebaki na mashine hizo fundi akishakwenda zake. Mafunzo huwa yametengewa pesa. Kasoro ni mahali zinapotumika.

Jambo hili si la hospitali kubwa pekee tena. Tunayo Sheria ya Afya ya Kidijitali ya 2023, na tangu Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) ichukue nafasi ya bima ya taifa ya afya, NHIF, mnamo Oktoba 2024, hata kituo kidogo mtaani hudai malipo yake kupitia mtandao. Lakini mtindo wa mafunzo ni ule ule: mkuu wa kituo na afisa wa rekodi wanapelekwa hotelini Naivasha siku tatu, wanaonyeshwa picha ukutani, wanarudi na vyeti. Mashine zinafika miezi miwili baadaye, walichofunzwa kimeshasahaulika, na anayempima mgonjwa shinikizo la damu hakuwahi kualikwa.

Maandalizi yaanzie kwenye kituo chenyewe, kwa jaribio la dakika 15 kwa kila mhudumu: awashe mashine, aingie kwenye mfumo, aandike sentensi mbili, atafute jina, arekebishe kosa, ahifadhi. Asiyeweza apewe nusu saa ya kuchapa kila siku kwa wiki mbili, ndani ya saa za kazi, pembeni pasipo na macho ya watu. Faragha hiyo ina sababu. Mara nyingi anayechapa polepole ndiye muuguzi mzoefu kuliko wote, na akiaibika mbele ya wanafunzi wa chuo cha mafunzo ya afya cha KMTC walio kwenye mazoezi ya kazi, atamkabidhi mwanafunzi kibodi pamoja na nywila yake. Kuanzia hapo rekodi zitabeba jina la muuguzi ilhali mkono ni wa mtu mwingine.

Baada ya hapo kila mtu ajifunze sehemu yake tu, katika nakala ya mfumo yenye wagonjwa wa kubuni. Nakala hiyo isijazwe wagonjwa halisi, kwani Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inazihesabu taarifa za afya kuwa data nyeti.

Dawati la usajili ndilo linalostahili muda mwingi zaidi, ingawa ndilo hudharauliwa. Karani afunzwe kutafuta kabla ya kufungua faili mpya: kwanza nambari ya kitambulisho, kisha nambari ya simu, na mwisho sehemu ya jina. Jina peke yake halitoshi. Mohamed, Mohammed na Muhammad wanaweza kuwa mgonjwa mmoja mwenye faili tatu, na onyo la mzio wa penisilini likiwa katika moja tu kati ya hizo. Watoto wasio na kitambulisho huunganishwa na nambari ya mama, na hapo pacha wawili hugeuka mtoto mmoja kwa urahisi.

Tarehe ya kuzaliwa ni mtego mwingine. Mama akiulizwa umri wa mtoto husema "mwaka mmoja", karani akaandika 1, na mfumo ukajitungia tarehe. Tuseme mtoto kweli ana miezi 14 na mfumo umemhesabu kuwa na 12. Kikumbusho cha chanjo ya pili ya surua na rubela, ambayo hutolewa akitimiza miezi 18, kitachelewa miezi miwili. Dawa yake ni kuomba kijitabu cha mama na mtoto na kunakili tarehe iliyomo. Umri wa kukadiria utumike pale tu ambapo hakuna hati yoyote.

Kwenye chumba cha vipimo hatari iko kwenye nukta ya desimali. Mtoto mchanga wa kilo 3.2 akiingizwa kama 32, mfumo unaokokotoa parasetamoli kwa miligramu 15 kwa kila kilo utapendekeza miligramu 480 badala ya 48. Sukari ya damu nayo hupimwa kwa vipimo viwili tofauti: 6.1 kwa milimoli kwa lita ni karibu 110 kwa miligramu kwa desilita, na mashine za kupimia hazifanani. Kabla ya mfumo kuwashwa, daktari na fundi wakae pamoja waweke mipaka ili tarakimu isiyowezekana ikataliwe papo hapo. Maonyo yawe machache. Mfumo unaopiga kelele kwa kila kitu huwazoeza watu kubofya "sawa" bila kusoma, na siku ya onyo la maana litapita na mengine.

Kuhusu nywila, hotuba za maadili hazijasaidia popote. Watu hugawana nywila kwa sababu mfumo hujifunga kila baada ya dakika chache na aliyesahau yake Ijumaa jioni anaambiwa asubiri afisa wa tarakilishi Jumatatu. Kila zamu iwe na mtu mmoja aliyeidhinishwa kumfungulia mwenzake. Akaunti ya anayehamishwa au anayemaliza mazoezi ifungwe siku hiyo hiyo, na jukumu hilo liandikwe kwa jina la mtu. Wahudumu wajue pia pa kuripoti kishikwambi kikiibwa: data za wagonjwa zikiangukia mikononi mwa watu wasioidhinishwa na kuwaweka wagonjwa hatarini, sheria inampa msimamizi wa data hizo saa 72 tu kumjulisha Kamishna wa Data.

Sasa stima. Kosa linalojirudia ni kuunganisha tarakilishi kwenye betri ya akiba na kuiacha rauta kwenye soketi ya ukutani. Stima ikipotea, skrini zinawaka lakini mtandao haupo, na lawama zote zinaishia kwa kampuni ya intaneti. Rauta hula wati 10 hadi 15 tu, kwa hiyo betri ndogo inaweza kuiweka hai kwa saa kadhaa. Tarakilishi ya mezani na skrini yake hula takriban wati 100 hadi 150. Ukiweka tatu kwenye betri ya akiba ya kawaida utapata dakika, si saa. Dakika hizo ni za kuhifadhi kazi na kuzima, na wahudumu waambiwe hivyo waziwazi. Kwa wadi za usiku, vipakatalishi vinafaa zaidi.

Kuna hitilafu nyingine ndogo inayosumbua kupita kiasi. Ndani ya tarakilishi ya mezani mna betri bapa ya CR2032 inayotunza saa. Ikiisha na stima ikakatika, tarehe hurudi nyuma miaka mingi. Kivinjari kitakataa kufungua mfumo kikidai muunganisho si salama, au mfumo wa ndani ya kituo utapokea wagonjwa wa leo kwa tarehe ya zamani na kuwakosesha kwenye ripoti ya mwezi. Kila mhudumu afunzwe kutazama tarehe pembeni mwa skrini kabla ya kumpigia fundi simu.

Mfumo ukilala, kuwe na faili ya fomu za karatasi zenye nambari za mfululizo, iliyo mahali panapojulikana na wote. Iamuliwe mapema nani atatangaza kwamba tunahamia karatasi, na baada ya dakika ngapi, kumi zinatosha. Mfumo ukirudi, mtu aliyetajwa aingize fomu zote ndani ya saa 24, akiandika saa mgonjwa alipohudumiwa, wala si saa ya kuchapa, kisha agonge muhuri kila fomu iliyoingizwa. Bila muhuri, fomu moja huingizwa mara mbili na nyingine isiingizwe kabisa. Zoezi hili lifanywe kila mwezi, na angalau mara moja kila robo mwaka lifanywe usiku.

Linalovunja moyo kuliko yote ni kuandika kitu kilekile mara tatu. Mjamzito mmoja huandikwa kwenye rejista ya kliniki, kwenye kijitabu chake, kisha kwenye tarakilishi. Kijitabu kibaki, maana mama anaweza kujifungulia hospitali ya Pumwani au mashambani. Rejista ipewe tarehe ya kustaafu. Rejista na mfumo viendeshwe sambamba, na kila wiki hesabu ya rejista ilinganishwe na ya mfumo. Zikilingana miezi miwili mfululizo, uombwe rasmi mwongozo wa kaunti na wizara ili rejista isimame. Tarehe hiyo isipotajwa tangu mwanzo, wahudumu watachagua daftari, na si haki kuwaita wapinga teknolojia.

Wahamasishaji wa afya ya jamii wa Kibera na Mukuru hawana shida ya daftari tena, kwa kuwa wanatumia simu zenye eCHIS, mfumo wa kielektroniki wa taarifa za afya ya jamii. Wao wafunzwe zaidi kutuma data kila jioni. Programu yao hufanya kazi bila mtandao, hivyo ziara ambazo hazijatumwa hupotea pamoja na simu. Bando nalo lilipwe kwa wakati.

Siku ya kuwasha mfumo isiwe Jumatatu, siku ya foleni ndefu. Jumatano inafaa, huku miadi ya wagonjwa wa kisukari na shinikizo la damu ikiwa imepunguzwa wiki hiyo na wahudumu wawili wakiongezwa.

Serikali ya Kaunti ya Nairobi inaweza kuyaandika haya kwenye mikataba yake: mkufunzi abaki kituoni wiki nne, zikiwemo zamu mbili za usiku kila wiki, na sehemu ya mwisho ya malipo izuiliwe hadi zamu ya usiku ifanye zoezi la karatasi bila msaada. Mabaraza ya wauguzi, matabibu na madaktari nayo yatambue mafunzo ya wadini katika pointi za kuhuisha leseni, maana kwa sasa anayebaki kazini kujifunza huweza kukosa pointi na marupurupu ambayo mwenzake wa Naivasha anapata.

Mkufunzi wa mifumo ya rekodi za afya,
Embakasi, Nairobi