Breka imetulia lakini soketi inanuka: hatari za umeme ambazo DB haizioni

Breka ikijikata, wateja hupiga simu saa hiyo hiyo. Soketi ikiwa ya moto, wengi huhamishia birika kwenye soketi nyingine na maisha yanaendelea. Kwetu mafundi mpangilio ni kinyume. Breka iliyojikata imeshafanya kazi yake, umeme haupo tena kwenye laini hiyo. Soketi inayochemka huku breka imetulia ni tatizo ambalo hakuna kifaa cha kawaida ndani ya DB (sanduku la breka) kinachoweza kuliona.

Sakiti breka inaangalia kitu kimoja tu: ampea zinazopita. Ndani yake kuna kipande cha metali mbili kinachopinda kikishapata joto la mzigo uliozidi, na koili ya sumaku inayokata papo hapo ikitokea shoti. RCD nayo, kifaa kinachokata umeme unapovuja, inalinganisha umeme unaokwenda kwa laivu na unaorudi kwa nyutro. Tofauti ikifika miliampea 30, inakata. Sasa chukua birika la wati 2,200. Kwenye volti 230 linavuta ampea 9.6 hivi. Skrubu ya nyutro ndani ya soketi ikilegea na kuongeza ukinzani wa nusu omu tu, pale kwenye ncha ya skrubu panazaliwa joto la wati 45 hivi, sawa na chuma cha kulehemu cha fundi redio kilichosahaulika ndani ya ukuta. Maji yanachemka kama kawaida. Breka inaona ampea tisa na kitu, RCD haioni umeme uliopotea, na plastiki inaendelea kuungua kidogo kidogo.

Kwa hiyo macho, pua na mkono wako ndivyo vifaa vya kwanza. Harufu ya plastiki inayoungua, au harufu kama ya samaki ambaye hujampika, isiyojulikana inatoka wapi. Rangi ya kahawia kuzunguka matundu ya soketi. Mlio wa kukwaruza unapowasha pasi. Taa za chumba kimoja kufifia na kurudi wakati vyumba vingine viko sawa. Plagi ikiwa ya moto, zima swichi ya soketi, ichomoe, kisha gusa pini zake kwa uangalifu: pini moja ikiwa ya moto kuliko nyingine, mara nyingi upande huo ndio uliolegea. Zima breka ya laini hiyo na iache imezimwa. Soketi iliyoungua haikazwi, inabadilishwa, kwa sababu shaba iliyopata joto sana hupoteza ukakamavu na haibani tena hata ukaze vipi. Waya nao unakatwa kurudi nyuma mpaka ipatikane shaba inayong'aa na ganda lililo laini. Kwa nyumba za karibu na bahari, kuanzia Tanga hadi Mtwara na visiwani, hewa ya chumvi huotesha kutu ya kijani kwenye skrubu, na kutu hiyo haipitishi umeme vizuri hata kama skrubu imekazwa.

Hali hiyo hiyo hutokea ndani ya DB yenyewe. Bila kufungua kava, pitisha nyuma ya kiganja mbele ya breka jioni, vitu vingi vikiwa vimewashwa. Uvuguvugu ni kawaida. Breka moja yenye joto kuliko jirani zake zote, au ambayo mkono hauvumilii, ina skrubu iliyolegea au mzigo unaoizidi.

Na hapo kwenye mzigo ndipo tunapokuta kosa linalotuudhi kuliko yote: breka ya ampea 20 inajikata, fundi anaweka ya 32, mteja anafurahi kwamba "imepona". Breka haipo kwa ajili ya kulinda friji yako, inalinda waya. Waya wa milimita 2.5 ndani ya paipu ukutani unabeba ampea 20 hadi 24, na hesabu hiyo ni ya mazingira ya nyuzi joto 30. Juu ya dari chini ya mabati, jua la mchana hupeleka joto hilo 50 na zaidi, na kwa nyuzi 50 uwezo wa waya wa kawaida wa PVC unashuka hadi asilimia 71: zile ampea 24 zinakuwa 17. Ujue pia kwamba breka haikati pale pale mzigo unapovuka namba yake. Ya ampea 32 inaruhusiwa kubeba ampea 36 kwa saa nzima bila kujikata. Ukiifunga kwenye waya wa 2.5 unaoishia kwenye soketi chache, waya ndio umegeuka kuwa fyuzi.

Shawa ya umeme ya wati 5,500 inavuta ampea 24. Inataka laini yake peke yake kutoka DB, waya wa milimita 6 na breka ya 32. Haichomekwi kwenye plagi ya ampea 13 na haiungwi kwenye laini ya soketi za sebuleni. Ekstensheni za bei rahisi zina waya wa milimita 0.75, unaofaa ampea 6 tu. Hiyo ni chaja, redio na televisheni, siyo pasi pamoja na jiko.

Ukipigwa shoti ukigusa friji au bomba la shawa, usivae kandambili ukaendelea. Hapo ethi (waya unaopeleka umeme uliovuja ardhini) haifanyi kazi: kamba yake imefunguka kwenye rodi iliyochomekwa ardhini, imeibwa kwa sababu ni shaba, au udongo umekauka. Hata ethi nzima peke yake haitoshi. Rodi yenye ukinzani wa omu 20, ambayo wengi wangeiita nzuri, laivu ikigusa bodi ya friji itapitisha ampea 11.5 tu. Breka ya 20 haitashtuka, na friji itabaki na umeme mwilini. Ndiyo maana RCD siyo anasa. Bonyeza kitufe chake cha T kila mwezi, isipokata, ibadilishwe. Kitufe hicho kinapima RCD yenyewe tu, hakisemi lolote kuhusu rodi.

RCD inayokata kila mvua ikinyesha mara nyingi inaeleza kwamba maji yameingia kwenye taa ya nje au pampu. Shusha breka zote, pandisha RCD, kisha pandisha breka moja moja. Itakayoiangusha ndiyo yenye tatizo. Ikigoma kusimama hata breka zote zikiwa chini, usikimbilie kuinunua mpya. Breka za kawaida hukata laivu peke yake, nyutro inabaki imeunganishwa, na nyutro inayogusa ethi mahali fulani inatosha kuiangusha.

Kwa nyumba za fezi tatu, taa nyingine zikiwaka kupita kiasi na nyingine zikififia, zima meni swichi bila kungoja: nyutro imekatika na baadhi ya soketi zinaweza kufikia karibu volti 400. Huenda imekatikia kwenye nguzo, hivyo wapigie TANESCO. Wao wanahusika mpaka kwenye mita, na sili ya mita haikatwi na fundi wa mtaani.

Kwa wanaolalamika kwamba LUKU inakimbia: zima meni swichi, tazama taa ndogo ya mita. Usoni mwa mita kumeandikwa imp/kWh. Ikiwa ni 1000, kila mmweko ni sehemu ya elfu ya uniti. Ikiendelea kumweka huku meni imezimwa, umeme unaondokea kati ya mita na DB.

Tukija kukagua, tunakata umeme, tunakaza kila skrubu ya DB, tunapima kila laini kwa mega ya volti 500, kipimo kinachoonyesha kama ganda la waya linavujisha umeme (chini ya megaomu 1 haiwashwi mpaka kosa lipatikane), tunapima rodi, na tunapima muda wa RCD, ambao haupaswi kuzidi milisekunde 300. Fundi yeyote unayemwita, muombe leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, kabla hajafungua kava. Na ile soketi iliyoungua usiitupe. Alama ya moto inaonyesha kama tatizo lilianzia kwenye skrubu, kwenye pini ya plagi au kwenye waya, na hiyo inatuambia tuanzie wapi.