Akili mnemba ipimwe kwa slaidi za maabara itakayoitumia

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie matumizi ya akili mnemba katika kupima vinyama vya saratani ya utumbo mpana. Mimi ni mtaalamu wa maabara ya patholojia, na ninaandika kwa sababu mjadala huu huanzia kwenye kompyuta, ilhali ubora wa jibu huanza kuamuliwa mezani kwetu, kabla kompyuta haijaona chochote.

Kinyama kilichotolewa kwa mgonjwa huhifadhiwa kwenye fomalini, hugandishwa ndani ya nta, kisha hukatwa kuwa utando wenye unene wa mikromita 3 hadi 5, ambao huelea juu ya maji ya uvuguvugu, huopolewa kwa kipande cha kioo kiitwacho slaidi na kutiwa rangi ya hematoksilini na eosini, hadi viini vya seli vionekane zambarau na sehemu nyingine waridi. Mkono ukiteleza kidogo tu, utando hujikunja na mkunjo huo huonekana kama ukanda mweusi. Daktari wa patholojia akiuona kwenye hadubini huupita bila kusita, lakini programu iliyofundishwa kwa slaidi safi tupu inaweza kuudhania kuwa msongamano wa seli. Rangi nayo hukolea au hupauka kutoka maabara moja hadi nyingine, na skana, yaani mashine zinazopiga picha ya slaidi ili kompyuta iisome, hazifanani.

Sisemi haya kuipinga teknolojia. Naitaka, tena kwa hamu. Takriban asilimia 15 ya saratani za utumbo mpana zina hitilafu katika mfumo wa seli wa kusahihisha makosa ya DNA, na kuijua hitilafu hiyo husaidia kuwatambua wagonjwa wanaoweza kufaidika na dawa za kuamsha kinga ya mwili. Huweza pia kufichua ugonjwa wa Lynch, hali ya kurithi inayoongeza hatari ya kupata saratani, ili ndugu na watoto wa mgonjwa wachunguzwe mapema. Kipimo cha kawaida cha hitilafu hiyo hutafuta protini nne za mfumo huo, MLH1, MSH2, MSH6 na PMS2, na si kila maabara inakimudu. Mwaka 2019 watafiti walionyesha katika jarida la Nature Medicine kwamba kompyuta inaweza kuikisia hitilafu hiyo kwa kuitazama slaidi ya kawaida. Ingetufaa sana kama chujio: slaidi ambazo programu inazitilia shaka, hata kidogo, ziende kwenye kipimo cha protini, kwa kuwa kumpima mtu bila ulazima ni hasara ndogo kuliko kumkosa anayehitaji tiba.

Hata hivyo, katika utafiti huohuo, programu iliyofundishwa kwa saratani ya tumbo (mfuko wa chakula) ilipungua usahihi ilipopewa slaidi za wagonjwa wa Japani. Ndiyo maana naomba kila maabara, kabla ya kuitegemea programu yoyote, iijaribu kwa slaidi zake za zamani ambazo majibu yake yanajulikana, na irudie jaribio kila inapobadilisha rangi au skana. Saini ya mwisho ibaki kuwa ya daktari. Slaidi zilizopauka na zilizokunjika zisiondolewe kwenye jaribio hilo, maana yupo mgonjwa ambaye kinyama chake kilikuwa kidogo mno, na utando ule uliokunjika ndio pekee tulio nao.

Wako,
Mtaalamu wa maabara ya patholojia