Alama za viganja kwenye ngozi

Rafiki yangu,

Salamu kwako na kwa wote ulio nao. Mimi mzima, ila kidole cha kati cha mkono wa kulia kimevimba kidogo, nacho ndicho kilichonikumbusha kwamba sijakujibu. Uliniuliza nitaacha kipi, penseli au ngoma, kisha ukanitupia ile ya mshika mbili moja humponyoka. Nilicheka. Mikono si ninayo miwili, bwana! Tatizo ni kwamba ngoma inaitaka yote miwili, na penseli inautaka ule wa kulia kabla haujachoka.

Najua unadhani nina ratiba. Sina. Usiku siwezi kupiga ngoma, watu wamelala. Kuchora usiku naweza, lakini taa hunidanganya: ninachokiona cheusi cha kutosha, asubuhi nakikuta kijivu tu. Basi vyote viwili vinagombania mchana uleule. Zamani nilikuwa naanza na ngoma kwa sababu ndiyo tamu. Nadunda saa nzima, jasho linanitoka, moyo unatulia, kisha nakaa mezani nikijiona niko tayari kabisa.

Siku moja nikajuta. Nilikuwa na picha ya uso wa mzee mmoja, kazi ya watu, imebaki kope ya jicho la kushoto. Ndiyo kwanza nimetoka kwenye ngoma, nilikuwa napiga yale mapigo makali ya ukingoni, vidole vinawaka moto. Nikachukua penseli ngumu, ya 2H, nimeichonga kwa wembe mpaka ncha ikawa kama sindano. (Ile tunayoiita risasi wala si risasi, ni grafiti iliyochanganywa na udongo wa mfinyanzi, udongo ukizidi, penseli inakuwa ngumu.) Mkono uliochoka hausikii uzito wake, unakandamiza wenyewe bila wewe kujua. Ukatetemeka mara moja tu, mstari ukashuka kutoka kwenye kope hadi shavuni. Nikafuta. Weusi ulitoka, mfereji ukabaki. Nilipotia kivuli kwa 4B ili niufiche, ukajitokeza mweupe kama kovu, maana penseli laini hupita juu juu, haiingii shimoni. Nikaanza upya kwenye karatasi nyingine. Siku mbili hizo.

Tangu hapo kazi ya kumalizia naifanya kabla sijaigusa ngoma. Michoro ya harakaharaka nimeiacha baada ya ngoma, tena wakati mwingine inatoka vizuri zaidi, kwa kuwa mkono unatembea kutoka begani badala ya kubanwa vidoleni. Wiki nyingine penseli haipati kitu. Wiki nyingine ngoma inakaa pembeni imefunikwa kitambaa. Sijawahi kuvigawa nusu kwa nusu, na sidhani kama nitakuja kujaribu.

Jambo moja ngoma imenipa kweli. Unajua pigo zito la katikati: kiganja kinatua na kuondoka papo hapo, ukikibakiza juu ya ngozi sauti inakufa. Miaka yote nimekuwa mtu wa kukandamiza penseli. Siku hizi nikianza kusikia karatasi inalia, nakumbuka kiganja kile, nalegeza.

Penseli nayo? Nilidhani haikuwa imeisaidia ngoma hata kidogo, mpaka juzi. Nilikuwa nimesaga unga wa penseli kwa ajili ya kivuli cha nyuma ya picha, nikaupaka kwa mikono yote miwili, nikaenda kupiga ngoma bila kunawa. Uzembe tu. Nilipopumzika nikaona ngozi ya mbuzi imejaa alama nyeusi. Za mkono wa kulia zimerundikana mahali pamoja, vidole juu ya vidole, karibu na ukingo. Za kushoto zimetawanyika kama kuku waliomwagiwa maji, na nyingi zimeingia ndani kuelekea katikati, upana wa vidole vitatu hivi kupita zile za kulia.

Unakumbuka malalamiko yangu kwamba mkono wa kushoto unatoa sauti nzito, imeziba? Nililaumu unyevu wa hewa. Nikalaumu ngozi kwamba imelegea, nikaikaza tena na kamba zikanichubua. Kumbe ngozi haina kosa! Nilikuwa naiinamisha ngoma upande, mkono wa kushoto unafika mbali kabla haujatua. Nimeisimamisha wima kidogo na kusogeza kiti. Bado najisahau nikiongeza kasi, lakini sauti imeanza kufunguka.

Kabla ya kuifuta ile ngozi nilikaa chini nikazichora zile alama zote, moja moja, kwa ukubwa wake. Imenichukua mchana mzima, na ngoma sikuipiga tena siku hiyo. Mchoro nimeuweka humu kwenye bahasha. Uangalie kwa mwanga wa dirishani, na tafadhali usiushike katikati, sijaupulizia dawa ya kuushikisha. Kisha jipake unga kidogo, upige ngoma yako dakika chache, uniandikie umeona nini upande wako wa kushoto.

Ni mimi,
rafiki yako wa siku zote