Injini ioshwe kwanza, ndipo ifunguliwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na mafundi pikipiki pamoja na madereva bodaboda wenzangu.

Mwezi uliopita kila asubuhi nilikuta doa la oili chini ya pikipiki yangu ya cc 125. Nikaipeleka gereji. Fundi aliona ubavu wa kushoto umelowa, akasema gasketi ya silinda, ile karatasi ya kuziba maungio ya injini, imekufa. Akashusha hedi, yaani kichwa cha injini, na silinda, akaweka gasketi mpya, akapaka na silikoni. Siku mbili sikuingia kijiweni, na hesabu ya tajiri haingoji. Siku ya tatu doa likarudi palepale.

Aliyenisaidia ni mzee mmoja fundi wa mtaani. Alianza na kijiti cha kupimia, maana oili ikizidi alama nayo hutafuta pa kutokea. Akachomoa mpira wa kupumulia injini, akaupuliza. Ukiziba, presha hujaa ndani ikasukuma oili hata kwenye sili (mpira wa kuzuia oili) isiyo na kasoro. Vyote vilikuwa salama. Akaosha injini kwa dizeli na sabuni, akaikausha vizuri, akainyunyizia poda ya mtoto. "Zunguka nayo mpaka ipate moto, mwanangu, halafu urudi."

Niliporudi poda ilikuwa nyeupe kote, ila nyuma ya sproketi ndogo, gia ya mbele inayovuta cheni, palikuwa na mstari mwembamba mweusi ulioshuka hadi chini ya injini. Sili ya shafti, ile inayoshika sproketi hiyo! Mpira mdogo kama kifuniko cha soda, mdomo wake umekauka na kupasuka. Nilinunua mwingine kwa shilingi 3,000.

Wenzangu, oili hushuka, na pikipiki ikitembea upepo huisukuma nyuma. Inapodondokea sipo inapotokea. Tafuteni sehemu ya juu kabisa iliyolowa. Na msilipuuze doa dogo. Oili yangu ilikuwa inafuata cheni hadi kwenye rimu ya nyuma, ikaanza kugusa tairi, nami nilikuwa nabeba akina mama wenye watoto mgongoni. Nikikumbuka hilo moyo unaniuma.

Mafundi, nawaomba sana: hedi ikishushwa bila sababu, thredi za alumini, mikato ya kukazia bolti, zinaliwa, na silikoni ikizidi humeguka ndani ikaziba njia za oili. Mwonyesheni mteja kwanza, kwa macho yake, mahali uvujaji unapoanzia. Kuosha na kunyunyiza poda hakuchukui hata saa moja.

Dereva bodaboda,
Msamvu, Morogoro