Ajuvanti mpya zipimwe pia kwa barafu

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako. Mimi ni muuguzi mstaafu, nimechanja watoto kwenye zahanati za Makete kwa sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi.

Siku hizi nasoma habari za peptidi, vipande vifupi vya protini vinavyotiwa kwenye chanjo za virusi ili mwili uitikie kwa nguvu zaidi. Nazifurahia sana habari hizo. Chanjo nyingi hazibebi kirusi kizima, zinabeba kipande chake tu, na kipande kikiwa peke yake mwili hukipuuza. Inabidi kiwepo cha kuushtua, nacho ndicho wataalamu wanachokiita ajuvanti. Tangu mtafiti Glenny wa Uingereza alipoonesha njia mwaka 1926, kazi hiyo imefanywa zaidi na chumvi za alumini. Zimo kwenye pentavalenti, inayowakinga wachanga dhidi ya homa ya ini aina ya B na maradhi mengine manne, na zimo kwenye chanjo ya HPV, kirusi kiletacho saratani ya mlango wa kizazi, wanayochomwa mabinti zetu.

Ila chumvi hizo zikiganda, zimeharibika, na kuyeyuka hakuzirudishi. Kwetu Makete, usiku wa Julai, jokofu la gesi likiachiwa moto mkubwa kidogo, chupa zilizogusa ukuta wa nyuma asubuhi huwa na barafu. Jua likipanda zinayeyuka na kuonekana nzima. Kile kibandiko cha kwenye chupa kinaonesha joto lililozidi, baridi hakioneshi.

Ndiyo maana tulifundishwa kutikisa. Unachukua chupa ya toleo lilelile, unaigandisha kwa makusudi usiku kucha, unaiyeyusha, kisha unaitikisa pamoja na ile unayoitilia shaka na kuziweka mezani bega kwa bega. Iliyoganda huanza kushuka chengachenga, na ndani ya nusu saa juu pamebaki maji maangavu. Ile nyingine ikishuka vilevile, boksi zima halichomwi mtoto. Kwenye zahanati moja nilishuhudia boksi likitumika bila kutikiswa, kwa sababu kina mama walikuwa wamejaa uani tangu alfajiri na wengine wametembea kutoka mbali. Hasira ile bado ninayo, maana mama anaondoka na kadi iliyojazwa, na mtoto huenda hana kinga.

Peptidi hizi si ndoto za mbali. Ajuvanti moja, IC31, ambayo ni peptidi ya asidi amino 11 (vijenzi vya protini) pamoja na kipande kifupi cha DNA, imeshajaribiwa Bagamoyo ndani ya chanjo ya kifua kikuu, kwa watu wazima wanaoishi na VVU. Kwa hiyo watafiti wetu wamo mezani. Nawasihi, mkikaa na wenye viwanda msiishie kuuliza kingamwili zimepanda kiasi gani. Ulizeni pia: ikiganda usiku mmoja na kuyeyuka, bado inafanya kazi? Na jibu liandikwe kwenye boksi.

Wizara nayo isisubiri ajuvanti mpya. Kila jokofu la chanjo katika wilaya za baridi liwe na kifaa kinachorekodi baridi ya usiku, na msimamizi wa wilaya akija akisome hicho kwanza kabla ya kufungua daftari.

Muuguzi mstaafu,
Makete, Njombe